Uso wa Yimer Umefutwa

Ukungu wa mlima Tossa hushuka Dessie bila haraka, kama mwenye mji, na asubuhi ile ulishuka mpaka ndani ya vikombe. Benchi lilikuwa pale pale pa siku zote, ukutani mwa kinu cha nafaka: benchi refu la mbao ambalo Toyba aliliazima kwa kire, chama cha kuzikana cha mtaa, miaka sita iliyopita, na hakuna aliyewahi kupata ujasiri wa kulidai. Toyba mwenyewe alikuwa kwenye kigoda chake, jebena, birika lake la udongo, juu ya makaa, kisahani cha kolo, shayiri ya kukaanga, pembeni. Kwenye benchi alikaa Kifungu, anayeitwa Gashe kwa heshima ya umri, karani mstaafu wa mahakama, mtu ambaye hata kuku akivuka barabara atakutajia kifungu cha sheria alichovunja. Kando yake Redio, dereva wa bajaji, ambaye hutangaza bila kuwashwa. Mwishoni Shahidi, muuza vitunguu. Hakuna jambo lililotokea mjini humo ambalo yeye hakuliona kwa macho yake. Aliyekosekana ni Baragumu, mpiga mbiu wa kire, na Baragumu hakosi kahawa. Hilo lilikuwa la kwanza. La pili Toyba alilihisi kabla hajalijua: asubuhi ile wote walikuwa wapole.

— Kahawa ya leo imetulia, mama Yimer, akasema Kifungu.

Toyba akamtazama. Kwa miaka sita Kifungu alikuwa ameiita kahawa yake maji ya kuoshea mguu, dawa ya kuhara, na ushahidi wa kuandalia mashtaka.

— Imeungua. Niliisahau motoni.

— Imeungua vizuri.

— Lete vikombe nikuoshee, akasema Shahidi.

— Mikono yako ina vitunguu.

— Nimenawa. Nimenawa tangu alfajiri, mpaka uso.

Toyba akashusha jebena polepole. Hapa Wollo habari ya kifo cha mbali ina jina lake, merdo, na ina adabu zake. Haipigiwi simu. Mwenye msiba ndiye wa mwisho kujua. Mtaa mzima utajua, utanunua kwake, utacheka naye, utamtazama akichagua nyanya sokoni, mpaka ifike asubuhi iliyopangwa. Hapo watakuja watu wazima wawili watatu mapema, wamenawa nyuso, watakataa kahawa, watakataa kukaa, na watamwambia yeye: keti kwanza. Toyba alikwisha kuipeleka merdo kwenye nyumba nne za watu. Alijua upole unavyokuwa kwa anayejua. Hakuwahi kuuonja kwa upande huu.

— Redio, akasema, nionyeshe mwanangu.

— Mtandao hakuna, mama Yimer.

— Hakuna vipi?

— Ukungu. Yale matone yanaingia kwenye mawimbi, mawimbi yanaloa, yanakuwa mazito, hayafiki.

— Jana ukungu ulikuwa huu huu na ulinionyesha.

— Jana ulikuwa ukungu mwepesi.

— Redio.

— Na chaji pia sina.

Simu ya Redio ikalia mfukoni mwake. Ikalia kwa nguvu, wimbo mzima wa harusi. Hakuna aliyecheka.

Desturi ilikuwa hivi. Kila asubuhi, kabla ya kikombe cha kwanza kuuzwa, Redio alimfungulia Toyba ukurasa wa lile shirika la hisani lenye ghorofa ya bluu karibu na stendi. Huko ukurasani Yimer alikuwa bado na miaka kumi na moja. Alisimama ameshika daftari kifuani, sweta la kijani, masikio makubwa ya ukoo wa baba yake, na chini yake imeandikwa kwamba ndoto yake ni kuwa daktari. Toyba hakuwa na picha nyingine. Yimer mwingine, yule wa miaka ishirini, aliondoka mwaka juzi kwa njia ya Obok, pwani ya Jibuti, kwenda kuvuka maji aingie Uarabuni. Alipiga simu mara moja kutoka ufukweni: mama, kesho. Tangu kesho hiyo ilikuwa miezi kumi na minne. Lakini mtoto wa ukurasani hakuwahi kufika ufukweni wowote, na Toyba, ambaye hakuwa mjinga na hakupenda kuhurumiwa, alimtazama kila siku kama mtu anavyogusa mlango usiku kuhakikisha kwamba umefungwa.

Tatizo ni kwamba wiki tatu zilizopita nyuso zilianza kuondoka ukurasani. Wa kwanza Zinet, binti wa mwenye kinu, aliyepigwa picha na cherehani. Wa pili mzee Tefera, aliyepigwa picha na mbuzi. Cherehani ilibaki, mbuzi alibaki, na pale palipokuwa na uso pakawa kama mtu amehemea kioo. Zinet sasa yuko kaburini. Mzee Tefera naye yuko kaburini.

— Nipe simu, akasema Toyba, akanyoosha mkono.

— Usimpe! akasema Shahidi. Kisha akaziba mdomo wake mwenyewe.

Redio akamtazama Kifungu. Kifungu akatazama ndani ya kikombe, ambamo hamkuwa na kifungu chochote. Redio akaitoa simu.

Daftari lilikuwapo. Sweta lilikuwapo. Hata masikio yalibaki, nusu nusu, kando ya lile doa jeupe, kama vishikio visivyo na chungu.

Toyba hakupiga kelele. Alikirudisha kifaa cha watu polepole na kuuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei:

— Tangu lini?

— Tangu jana jioni, akasema Redio. Lakini sikiliza, mama Yimer. Inaweza kuwa mtandao tu. Picha ikipita hewani inachubuka.

— Inachubuka usoni tu?

— Uso ndio unaotangulia.

— Acha ujinga wako, akasema Kifungu. Hiyo ni sheria. Kuna sheria mpya ya taarifa za watu. Marehemu hana hadhi ya kuonekana. Akishafariki, uso wake unaondolewa kwenye kumbukumbu za wazi. Kifungu cha arobaini na...

Akanyamaza, kwa sababu alisikia alichokisema.

— Marehemu, akasema Toyba.

— Nimesema kwa ujumla.

— Gashe, wewe tangu nikujue hujawahi kusema kwa ujumla.

— Hata hivyo wao watajuaje nani ni marehemu? Redio akadakia, akijaribu kuokoa jahazi kwa kulitoboa. Makao ya shirika yako Addis Ababa. Zinet alifia hapa hapa. Alizikwa kwanza, ndipo akafutwa. Mimi ndiye niliyebeba shangazi zake kwenda makaburini.

— Muongo! akasema Shahidi. Alifutwa kwanza. Nilikuwa nimekaa hapa hapa, Jumanne, wewe ndiye uliyenionyesha. Nikasema, jamani, mbona Zinet amekuwa moshi? Na Zinet mwenyewe akapita pale, kwenye kona ya kinu, na ndoo yake ya maji. Akanisalimia. Alhamisi tukamzika.

Ukungu ulikuwa umefika kwenye kona ya kinu. Wote wanne wakajikuta wanapatazama.

— Kweli ilikuwa Jumanne, akasema Redio kwa sauti ndogo.

— Na mzee Tefera? akauliza Kifungu.

— Jumamosi, akasema Shahidi. Akafa Jumatatu. Nilimwona Jumapili anafukuza mbuzi wa watu.

— Basi si kumbukumbu, akasema Kifungu, na mkono wake wenye kikombe ulikuwa unatafuta mahali pa kukitua. Hukumu. Hukumu hutoka kwanza, utekelezaji hufuata.

— Mimi nadhani ni kutazamwa, akasema Redio. Fikirieni. Watu wangapi wanatazama ukurasa ule? Wazungu kwa maelfu. Kila mtu akikutazama kwa huruma anachukua kidogo. Kitambaa kikifuliwa sana si kinapauka? Uso nao unapauka. Ukiisha kule, na huku ndiyo basi.

— Mimi bado nipo? akauliza Shahidi ghafla.

Redio akasukuma ukurasa kwa kidole gumba. Alikuwapo. Shahidi, kikapu cha vitunguu, na maneno: mjane anayelea watoto watano peke yake. Mumewe alikuwa hatua mia moja kutoka hapo, anashona viatu, na alipata habari za kifo chake kutoka kwa mteja.

— Upo.

— Uso wote?

— Wote. Na kidevu.

— Alhamdulillahi. Usiuangalie sana.

Toyba hakuwa akiwasikiliza tena. Alikuwa anapanga. Hakujua ni kwa nini akili ya mtu katika saa kama hiyo huenda kwenye mambo ya nyumbani, lakini yake ilienda kwenye godoro la Yimer, ambalo alilianua juzi. Kwenye dada yake aliyeko Kombolcha, ambaye lazima ameshaambiwa. Kwenye makaa, ambayo hayatatosha watu. Kisha akauliza swali ambalo alilijua jibu lake.

— Baragumu yuko wapi?

Mpiga mbiu anayebeba merdo hanywi kahawa ya nyumba anayoipelekea. Hata mlevi wa mtaa huo analijua hilo.

— Labda anaumwa, akasema Shahidi.

— Labda ni...

Redio hakuimaliza. Kutoka kwenye ukungu, upande wa msikiti, walitokea watu wawili wanaotembea kwa mwendo wa kutofika. Mmoja alikuwa Baragumu, shuka la netela limefungwa kifuani kama linavyofungwa msibani, uso umeoshwa mpaka unang'aa. Wa pili alikuwa mwanamke mgeni, koti jeusi, viatu vya mjini vilivyoshiba matope, jalada la karatasi amelikumbatia. Nyuma yao, mbali kidogo, wanaume watatu wa kire walikuwa wanateremka na nguzo mabegani.

Kifungu akasimama. Redio akasimama. Shahidi akaanza kulia kabla ya kusimama.

— Mama Toyba ni yupi? akauliza mgeni.

Hakuna aliyemwonyesha. Hapakuwa na haja.

— Karibu kahawa, akasema Toyba. Midomo yake tu ndiyo iliyosema.

— Asante, mama. Si sasa. Tutakunywa baadaye.

— Basi kaa.

— Nitasimama tu. Wewe keti kwanza, mama.

Toyba alikuwa ameketi tayari. Aliposikia maneno yale alitoka kigodani akashuka chini, juu ya ardhi ya maji maji, akavuta ushungi wake kichwani na kuutupa, na sauti iliyomtoka haikuwa yake. Ilikuwa ya mama yake, na ya mama wa mama yake, ile sauti moja inayopokezanwa. Kinu kikazimwa. Milango ikafunguka ndani ya ukungu, mmoja baada ya mwingine, na wanawake ambao hawakuonekana wakaijibu.

— Yimer! Yimer wangu! Maji yamekula!

— Pole, pole, mama Yimer, akalia Baragumu, akapiga kifua.

Wale wanaume watatu wakatua nguzo na kuanza kuchimba, pale pale mbele ya kinu, kwa sababu hema la msiba la kire halingoji maelezo.

Mgeni alikuwa amesimama katikati ya yote hayo, jalada kifuani, anageuza kichwa huku na huku kama aliyeshukia kituo kisicho chake. Akamshika Baragumu mkono. Akauliza, na kwa bahati mbaya aliuliza wakati waliaji walipokuwa wanavuta pumzi, hivyo mtaa mzima ukamsikia:

— Samahani. Nani amekufa?

Kilio kikakatika. Baragumu akamtazama. Shahidi akamtazama. Jembe moja likabaki hewani.

— Si Yimer? akasema Baragumu.

— Yimer amekufa?

— Wewe ndiye umekuja na habari!

— Mimi? Habari gani?

— Binti, akasema Baragumu, na sasa jasho lilikuwa linamtoka kwenye uso ule uliooshwa, jana jioni ulinijia nyumbani. Ulisema una jambo la Yimer mwana wa Toyba. Ulisema halisemwi kwa simu. Ulisema asilisikie kwa mtu mwingine kwanza. Ulitaka mtu anayeheshimika mtaani awepo. Ukasema twende mapema, kabla watu hawajajaa. Ukasema, wewe mwenyewe, kwamba lazima tuhakikishe amekaa. Mimi ningeelewa nini? Nilimwonyesha mwenyekiti wa kire uso tu, akaelewa.

— Ni mwongozo, akasema mgeni. Akafungua jalada, kama vile karatasi ingemtetea. Ni mwongozo wetu wa kuzungumza na wahusika. Ana kwa ana. Faragha. Mtu wa kuaminika wa kushuhudia. Mhusika awe ameketi na ametulia.

— Mwongozo wenu ameuandika mchimba kaburi, akasema Kifungu.

Jina la mgeni lilikuwa Hirut. Mwanasheria, wa Addis, kijana, na katika dakika ile alizeeka kidogo. Alichuchumaa matopeni mbele ya Toyba mpaka koti likaloa, na mwongozo haukusema chochote kuhusu hilo. Alieleza. Shirika limemwajiri apitie ukurasa wote, picha kwa picha, neno kwa neno: aliyepigwa picha alikubali? Alielewa anakubali nini? Yaliyoandikwa ni ya kweli? Yanaweza kumdhuru? Kwa miaka kumi hakuna aliyewahi kuuliza. Sasa kila mtu ana haki ya kuomba aondolewe, na akiomba, uso unafunikwa kwanza, kisha inahakikiwa kama kweli ni yeye aliyeomba.

— Kwa hiyo mnaowafuta si maiti, akasema Redio.

— Maiti? Tunawafunika wanaoomba wenyewe.

— Zinet aliomba? akauliza Shahidi.

— Zinet wa cherehani? Ndiyo. Aliniandikia Jumatatu moja, nikamfunika kesho yake.

— Na mzee wa mbuzi?

— Alipiga simu mwenyewe. Alisema hapendi kuonekana na mbuzi yule, ameshamuuza. Hawa wawili nao niko njiani kwao leo, kuhakiki. Wanakaa karibu?

Baragumu, ambaye kazi yake ni kusema, alitazama vidole vya miguu yake. Mwishowe ilibidi Toyba ndiye aseme, kutoka chini alipokuwa:

— Wamekufa, mwanangu. Wote wawili. Zinet siku mbili baada ya kumfunika. Mzee naye siku mbili.

Hirut akaangalia jalada lake, na Toyba, aliyekuwa karibu naye kuliko wote, aliona anavuta ukurasa mmoja wenye orodha ya majina na kuuficha nyuma ya mwingine, haraka, kama mtu anayefunika sufuria.

— Ni bahati mbaya, akasema Hirut. Imetokea tu.

— Na huyu? akauliza Toyba. Yimer ameombewa na nani?

— Ameomba mwenyewe.

Mtu mmoja kwenye ukungu akasema jina la Mungu.

— Lini?

— Ombi liliingia siku kumi na tisa zilizopita. Nilichelewa kulifungua. Nimemfunika jana jioni.

— Yuko wapi?

— Hakusema. Alijaza ile fomu ya ukurasani, haina namba wala mahali, ina barua pepe tu. Nilimjibu. Hajajibu.

— Kwa nini ameomba?

— Hakutoa sababu. Kanuni zinasema hahitaji kutoa.

— Naweza kujua alichoandika?

Hirut alisita. Kuna kanuni kuhusu hilo pia, ilionekana wazi usoni mwake, na ilionekana wazi anapima kama aivunje. Kisha akasoma, taratibu:

— "Mimi ni Yimer, mama yangu anauza kahawa penye kinu. Toeni uso wangu hapo. Na mimi sikusema daktari. Nilisema nataka kuendesha lori la tela. Yule bwana akaniambia sema daktari, nikasema lori, akaandika daktari."

Toyba akaweka mkono kinywani. Kulikuwa na lori bovu nyuma ya nyumba yao, enzi zile, na mtoto alikula ndani yake, akalala ndani yake, akapiga honi kwa mdomo mpaka majirani wakaja kulalamika. Watu wote hao walihama zamani. Kati ya waliosimama pale, hakuna aliyemjua mtoto wa lori isipokuwa yeye.

— Ni yeye, akanong'ona.

— Ni yeye? Hirut akatoa kalamu. Basi, mama, ninachohitaji ni hicho tu. Ukithibitisha, nachukua sahihi yako hapa na ya mtu mmoja wa kushuhudia, na picha inaondolewa kabisa, hata kwenye hifadhi. Haitarudi. Usipothibitisha, kanuni inasema ombi halijulikani ni la nani, basi namfunua. Naweza kumfunua sasa hivi. Kwa simu.

— Mfunue! akapiga kelele Shahidi. Toyba, usiwe mwendawazimu! Mfunue leo, saa hii! Siku mbili, umesikia? Jana jioni mpaka kesho jioni!

— Mtu mzima ana hiari yake, akasema Kifungu. Kijana ana miaka ishirini. Kisheria...

— Gashe, mimi nakuheshimu, lakini kisheria Zinet yuko chini ya udongo!

— Mrudishe tu, mama Yimer, akasema Redio. Nini kitapungua? Mimi nitakufungulia kila siku. Ukipata habari zake, utamfuta baadaye.

— Akiniona nimemkatalia?

— Ataonaje?

— Si ataangalia? Kama yuko mahali ana simu, ataangalia kama wamemsikia. Mara ya kwanza alisema lori, hawakumsikia. Leo niwe mimi?

— Na kama hana simu tena? akasema Shahidi, akilia waziwazi. Kama alipoiandika ndiyo ilikuwa...

— Shahidi, akasema Toyba, umeyaona hayo kwa macho yako?

Shahidi akatikisa kichwa.

— Basi nyamaza.

Aliomba simu kwa Redio. Akaitazama ile picha kwa mara nyingine: daftari, sweta, masikio mawili na doa jeupe katikati. Alitazama kwa muda mrefu kiasi kwamba Hirut akashusha kalamu. Kisha akaivuta karatasi, akaiweka juu ya goti, na kuandika jina lake kwa herufi zile kubwa zilizosimama mbalimbali, alizojifunza ukubwani kwenye darasa la kire, Toyba binti Ali, kila herufi ikichukua muda wake. Baragumu akatia sahihi ya ushuhuda.

— Na mimi je? akauliza Shahidi, ambaye hakuweza kujizuia. Mimi nimeandikwa mjane.

Hirut akapekua.

— Wa vitunguu. Si mjane?

— Mume wangu yuko pale chini, anashona viatu.

— Basi hayo si ya kweli. Nawe utafutwa.

— Nani? Mimi? akarudi nyuma hatua mbili. Hapana, mwanangu. Hapana. Niache mjane hivyo hivyo.

Hirut alibonyeza kitu kwenye simu yake. Kwenye simu ya Redio, ambayo Toyba alikuwa bado ameishika, ukurasa ulijivuta, ukasita, ukakaa sawa. Zinet bila uso alifuatiwa na mzee Tefera bila uso, kisha moja kwa moja kikapu cha vitunguu. Hapakuwa hata na nafasi kuonyesha kwamba palikuwa na mtu.

Toyba alisimama. Mtu alimwokotea ushungi, akamrudishia kichwani, na hakujua ni nani. Ukungu ulikuwa umejaa watu wasiojua wakae au waende. Wanawake walikuwa na machozi ambayo hawakujua wayafute au wayaendeleze. Ndipo mmoja wa wale wanaume watatu, fundi wa kinu, ambaye hakuwa amesikia vizuri mambo hayo kwa sababu alikuwa anachimba, alikuja mbele huku ameiegemeza nguzo begani.

— Jamani, akasema, mbili tumeshasimamisha. Shimo la hii ya tatu liko tayari. Tuendelee au tuzing'oe?

Baragumu akamtazama Kifungu. Kifungu akafungua mdomo na, kwa mara ya kwanza tangu astaafu, hakikutoka kifungu chochote. Redio akamtazama mwanasheria. Mwanasheria akatazama karatasi yenye sahihi mbili mbichi, akaigeuza, kana kwamba nyuma kulikuwa na jambo.

— Hii ni nzito, ndugu zangu, akasema fundi wa kinu. Niambieni basi.

Nguzo mbili zilisimama mbele ya kinu, hazina turubai, vichwa vyao vimeshapotea katika weupe. Toyba alizitazama, moja, halafu nyingine, halafu ile iliyoko begani mwa mtu.

— Ishike hivyo hivyo kwanza, akasema.